Nionyeshe Uso wa Saa Nne Usiku

(Maneno niliyosema Jumamosi mchana, Magomeni, mbele ya maharusi watarajiwa na mama zao. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, utani nimeupunguza kidogo.)

Mama zangu, shikamooni. Mashangazi, shikamooni. Na nyie wadogo zangu ambao tangu mmekaa mnashika shavu kwa mkono ule ule wenye pete, nawaona, hongereni. (Kicheko.)

Nimetambulishwa hapa kama mpambaji, na neno hilo linanitia taabuni kila mwezi. Juzi kanipigia mwenyekiti wa kamati fulani ya harusi, baba mtu mzima, sauti nzito, akaniuliza nina viti vingapi na vitambaa vya rangi gani. Nikamwambia, "Baba, mimi siye wa ukumbi. Mimi nampamba bibi harusi mwenyewe." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa mshangao wa kweli: "Kumbe na huyo analipiwa?"

Analipiwa, baba. Na leo nimekuja kusema analipiwa nini.

Kazi hii nina miaka 17 nayo. Nilianza nikiwa binti wa kufagia nywele kwenye saluni ya shangazi yangu Tanga, nikapanda cheo nikawa wa kuosha brashi, na mpaka leo msaidizi yeyote anayekuja kwangu namwanzishia hapo hapo, kwenye beseni la brashi. Nimepamba maharusi wa kanisani, wa nikahi na wa bomani. Nimepatia, na nimeharibu pia, mtasikia.

Sasa hiyo hesabu ya kamati. Nimeziona karatasi nyingi za bajeti. Chakula kina mstari wake, vinywaji vina mstari wake, ukumbi, muziki, MC, picha na video, keki, magari, mpaka dizeli ya jenereta. Uso wa bibi harusi uko chini kabisa kwenye "mengineyo", umekaa na vocha za simu na maji ya kunywa ya wanakamati. Wiki ya mwisho ikifika, ahadi za michango nusu hazijalipwa, panga linashuka, na linaanzia wapi? Mengineyo. Ndipo Alhamisi jioni napigiwa na binti mwenyewe, analia, ndoa ni Jumamosi, ana elfu themanini mkononi, na mtu aliyemtegemea kapata harusi nyingine.

Wadogo zangu, hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa. Serikali unaipa wiki tatu, mimi unanipa siku mbili? (Kicheko.)

Na kalenda yetu mnaijua. Wakati wa Kwaresima makanisa mengi hayafungishi ndoa, kwa hiyo Pasaka ikipita tu watu wanafunguka kama bomba. Ramadhani nayo ni hivyo hivyo, Idi ikiisha nikahi zinafuatana. Halafu inakuja Desemba, ndugu wamerudi kutoka mikoani na nje ya nchi, kila familia inataka Jumamosi zile zile nne. Mpambaji ana mikono miwili. Ukishajua tarehe na ukumbi umelipiwa, mtafute siku hiyo hiyo. Miezi mitatu kabla ni vizuri, sita ni bora zaidi ukiolewa Desemba.

Lakini kumtafuta wapi, na utamjuaje? Hapa nataka nikae kidogo.

Siku hizi mnanitumia picha. "Dada, nataka hivi." Naangalia picha: ngozi haina hata tundu moja, pua imechongwa, macho ya paka. Namuuliza, huyu ni nani? Hamjui. Picha imepigwa wapi? Hajui. Imepita kwenye programu ngapi za kulainisha kabla ya kuwekwa? Hajui. Na kwa picha hiyo hiyo ameshamtumia mtu advansi.

Picha ya saa sita mchana, bibi harusi ndiyo kwanza ametoka kwenye kiti, taa ya duara inamwakia usoni, hiyo haikuambii kitu. Saa sita mchana sisi wote ni mafundi. Mpambaji ukimwendea, mwambie hivi: nionyeshe uso wa saa nne usiku. Nionyeshe bibi harusi wako baada ya kukata keki, baada ya kulishana, baada ya kulia mama yake alipopanda jukwaani, baada ya kucheza na mashemeji kwenye joto la Dar es Salaam feni mbili zimekufa. Mwenye kazi yake atacheka, atafungua simu, atakuonyesha. Na kama hana picha hizo, atakupa namba ya bibi harusi wake wa mwezi uliopita umuulize mwenyewe. Anayekasirika, mshukuru kwa muda wake, ondoka.

Ukionyeshwa, usiangalie macho. Macho yanadanganya, kope za kubandika zinampendeza kila mtu. Angalia pale shingo inapokutana na taya. Angalia masikio. Angalia mstari wa nywele kwenye paji la uso. Kama uso una rangi yake na masikio yana yake, umeona yote. Halafu tafuta aliyempamba mtu wa rangi yako. Mpambaji anaweza kuwa hodari sana kwa maji ya kunde, ukampelekea mtu mweusi tii akakwama, kwa sababu ngozi nyeusi ina rangi nyingine chini yake. Kuna weusi unaoelekea wekundu, kuna unaoelekea njano, kuna ule wa samawati kabisa wa watu wa kwetu fulani, sitawataja. Ukikosea hiyo ya chini, uso unageuka jivu.

Niwaambie, tulioanza zamani tuliteseka. Chupa za faundesheni, ile rangi ya kupaka uso mzima, zilizofika madukani Kariakoo ziliishia kwenye rangi ya chai ya maziwa. Mtu wa rangi ya kahawa tulimchanganyia wenyewe, chupa mbili tatu kwenye kisahani, tunakolezea na poda ya macho ya kahawia. Zilikuwepo kampuni chache zilizotufikiria, kama ile aliyoianzisha Iman, mwanamitindo aliyezaliwa Somalia, mwaka 1994, lakini kuzipata huku ilikuwa mpaka uwe na shangazi Ulaya. Rihanna, yule mwimbaji, alipotoa vipodozi vyake vya Fenty mwaka 2017, faundesheni rangi 40 kwa mpigo, kampuni nyingine nyingi zikaona aibu zikaanza kuongeza. Leo rangi yako ipo mjini. Kwa hiyo mpambaji wa leo akikuambia "kwako inabidi tuweke tu hii nyeupe nyeupe kidogo", usimwonee huruma.

Mimi mwenyewe nina kisa. Siku yangu ya harusi nilipambwa na saluni moja mjini, ya watu wenye jina wakati huo. Kwenye kioo chao nilikuwa mzuri, nikajipenda. Picha zilipotoka, wiki mbili baadaye, kila penye flashi nimekuwa mweupe kama mtu aliyetoka mashine ya kusaga unga. Mikono yangu, shingo yangu, Mtanga. Uso, mgeni. Albamu ile mama yangu aliiweka chini kabisa ya sanduku la vitenge. Baadaye sana, nikiwa fundi, nikaja kuelewa: poda na losheni nyingine za kuzuia jua zina zinki au titani ndani yake, na kuna poda za kumalizia zenye silika nyingi. Kwa macho huzioni. Flashi ikipiga, zinarudisha mwanga wote. Mpambaji wangu hakuwa na roho mbaya, ila hajawahi kupiga picha ya kazi yake kwa flashi akaitazama. Dakika moja tu ingetosha.

Ndiyo maana nasema jaribio. Mabinti wengi wanalikwepa kwa sababu linalipiwa. Linalipiwa kwa sababu ni kazi kamili, saa mbili na vifaa vyote. Heri ulipie jaribio upunguze trei moja ya soda.

Na jaribio lina namna yake. Vaa blauzi nyeupe, au jifunge shuka jeupe shingoni, kwa sababu utakuwa kwenye shela, na weupe ule unabadilisha rangi ya uso. Rangi ijaribiwe kwenye taya, siyo mgongoni mwa mkono. Mkono wako umepikwa na jua la kusubiri basi la Mwendokasi miaka yote, hauna undugu na uso. Ikishapakwa, subirini kama robo saa, maana faundesheni nyingine zikikutana na mafuta ya ngozi zinageuka, zinaiva. Pigwa picha kwa flashi. Pigwa nyingine nje, juani. Kisha, na hapa ndipo mnapokosea wote, usiende nyumbani ukanawa! Nenda kazini. Panda daladala. Kula ugali na samaki wa nazi. Gombana na mchumba wako kwenye simu kuhusu orodha ya wageni, mnagombana kila siku, siku hiyo iwe na faida. (Kicheko kirefu.) Saa nne usiku simama mbele ya kioo chako, taa ya chumbani kwako, ujipige picha. Hiyo ndiyo sura yako ya ukumbini. Mtumie mpambaji, mwambie: hapa puani pameyeyuka, hapa chini ya macho pamejikunja. Ana muda wa kurekebisha.

Sasa ngozi. Mama zangu, nisameheni, hapa nitakuwa mkali.

Mpambaji hatengenezi ngozi, anapaka juu ya ngozi aliyoikuta. Na bibi harusi wengi wananijia miezi miwili kabla wakiwa tayari wameanza kujikoroga ili wawe weupe. Kaambiwa na shangazi, "ung'ae kidogo siku yako". Mkorogo unajulikana ulivyo: ndani kuna haidrokwinoni, au zebaki, au zile tyubu za dawa ya ngozi zenye steroidi ambazo daktari huandika kwa siku chache na mtu anapaka mwezi mzima. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Zamani walikuwa wanavishughulikia TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango. Bado vinauzwa, tunavijua vinapouzwa. Steroidi inaifanya ngozi iwe nyembamba kama ganda la kitunguu, inawaka, inatoka vipele, mishipa inaonekana. Zebaki inakwenda mpaka kwenye figo, na ukipata mimba mwezi wa kwanza wa ndoa kama wanavyokuombea, mtoto naye anaipata. Kwa upande wangu wa kazi, faundesheni haikai juu ya ngozi hiyo. Inateleza, inavunjika. Nimewahi kumfunika bibi harusi shingo na vifundo vya vidole kwa faundesheni ili vifanane na uso, saa tatu za kazi, na jasho la kwanza likatuumbua wote.

Mwambieni mpambaji ukweli. Unajikoroga? Sema. Una pumu ya ngozi, macho yanawasha, gundi ya kope iliwahi kukuvimbisha? Sema. Gundi nyingi za kope zina mpira ndani, na wapo wasiopatana nao. Zinajaribiwa kidogo nyuma ya sikio, zinaachwa siku mbili. Usiku wa kuamkia harusi si wakati wa kugundua.

Singo siipigi vita, nimelelewa nayo. Liwa, manjano, unga wa mchele, maji ya waridi, mwari anasuguliwa anatoka laini kama mtoto. Ila manjano yanaacha rangi. Kama jaribio lilifanyika kabla ya singo na harusi inafuata siku moja baada ya singo, rangi niliyokuchagulia si yako tena. Maliza singo siku mbili tatu kabla, au nifanyie jaribio ukiwa ndani ya singo. Nyusi zitindwe siku mbili kabla, si asubuhi ile. Na kipya chochote, sabuni, krimu, mvuke wa uso, kiwe kimekufahamu zamani. Wiki ya harusi si wiki ya kukutana na vitu vipya, wewe unakutana na mume, inatosha. (Kicheko. Mama mmoja: "Mwambie!")

Hina halisi haina haraka. Ikitoka ni ya chungwa, inakolea siku ya pili, kwa hiyo ipakwe siku mbili kabla. Ile nyeusi inayokolea kwa nusu saa ni piko, na piko nyingi mjini ni rangi ya nywele, ina kemikali wanayoiita PPD. Kwa wengine haifanyi kitu. Kwa wengine inapiga malengelenge kwa kufuata maua yale yale mliyochorwa, na mwili ukishaikataa mara moja huikataa maisha, hata rangi ya nywele hutagusa tena. Nimeona bibi harusi amevaa glavu za lesi harusi nzima. Watu walisifu mtindo.

Nimetaja singo, basi nimkumbuke somo, yule mama wa kumfunda mwari. Pwani, kabla yetu sisi wenye masanduku ya magurudumu, mwari alipambwa na somo wake pamoja na wapambe. Wanja, hina, udi, kikuba cha asumini na rihani kifuani. Vitu vyenyewe vilikuwa vichache. Lakini somo alikaa na binti yule siku nyingi ndani, alimjua anapolala, anapolia, anachokula kikamvimbisha. Siku ya kumtoa nje hakuwa anagusa uso wa mgeni. Sisi tumekuja na brashi 30 na hatumjui binti jina lake la pili. Mimi nikipambana mnichukue mapema, mnifanyishe jaribio, mnipigie simu mara tatu nne kabla ya siku, sitafuti pesa tu. Natafuta kile alichokuwa nacho somo.

Usafi nitausema haraka, kwa sababu ukishaambiwa mara moja utauona mwenyewe kwa macho. Akipuliza brashi kwa mdomo, simama. Akipaka rangi ya mdomo moja kwa moja kwenye midomo ya watu wote wa nyumba, simama. Inachotwa kwa kijiti, inawekwa kwenye sahani, brashi inachukulia hapo. Maskara ikifunguliwa maisha yake ni kama miezi mitatu, na vijiti vyake viwe vya kutumia na kutupa. Mnakumbuka mwanzoni mwa 2024 macho mekundu yalivyotembea Dar es Salaam. Mwezi ule niliahirisha majaribio yote, nikapoteza hela, na bado napata usingizi.

Turudi kwenye siku yenyewe, na hapa muda ndio mchawi. Hesabu inafanywa kwa kurudi nyuma. Ndoa saa nane mchana. Gari liondoke saa saba, maana Jumamosi mjini kuna harusi nyingine barabarani na matarumbeta yake. Shela, vito na picha za nyumbani zinakula saa nzima, kwa hiyo saa sita uwe umesimama. Uso ni saa mbili: tunaanza saa nne. Nywele saa moja na nusu: saa mbili na nusu asubuhi uko kwenye kiti, umeoga, umekunywa chai, umevaa shati la vifungo mbele. Shati la kuvulia kichwani usije nalo, utalichana kwa mkasi kama wengine. Na hapo sijamgusa matroni, sijamgusa mama, sijawagusa wale dada wawili ambao hawakuwa kwenye mapatano lakini wamekaa foleni na nyuso zao.

Mnaoswali, tuambizane mapema. Rangi ya kucha inazuia udhu, hina haizuii. Ndoa ikiwa ya jioni, mimi napenda adhuhuri iwe imeswaliwa kabla sijaanza uso, na kama magharibi itakukuta ukumbini, tushauriane udhu utautunzaje. Mpambaji asiyekuuliza hilo hajawahi kumpamba binti wa nyumba inayoswali.

Nilisema nimeharibu. Mwaka mmoja, mwezi wa nne, masika, nilikuwa nakaa Kariakoo, bibi harusi yuko Kimara. Usiku mvua. Saa kumi na mbili asubuhi nimetoka na sanduku langu, nafika, Barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani, maji yamejaa. Nikazungukia Tazara nikashika barabara ya Mandela, pamoja na Dar es Salaam nzima. Simu inaita: uko wapi? Nipo njiani. Uko wapi? Nipo njiani. Nilifika saa tano na nusu. Yule binti ameshapambwa na binamu yake, mashavu kwa rangi ya mdomo, nyusi kwa penseli ya shule, na gari linawashwa. Alinitazama hakusema neno. Hela nilirudisha yote, lakini hakuna hela ya kununua ule mtazamo. Tangu hapo, harusi ikiwa ya masika nalala upande ule ule wa Mto Msimbazi aliko bibi harusi. Kama ni kwa ndugu, kama ni gesti, nalala. Muulizeni mpambaji wenu: unakaa wapi, unakuja na nini, mvua ikinyesha inakuwaje, ukiugua anakuja nani?

Hilo la "anakuja nani" liandikwe. Wapo wenye majina makubwa, unalipa jina, asubuhi anakuja binti hujawahi kumwona, anasema dada ana harusi nyingine Masaki, kanituma. Inawezekana binti yule ni hodari kuliko aliyemtuma. Lakini jaribio ulilifanya na nani? Andikianeni, hata kwenye meseji, alimradi ibaki: tarehe, saa ya kufika, mahali, nyuso ngapi, nani atazipaka kwa mkono wake, kama kope na nauli zimo ndani au kando, kama atakaa mpaka jioni akubadilishie mwonekano wa ukumbini au anaondoka gari likiondoka. Advansi kiasi gani, na harusi ikiahirishwa inarudi au hairudi. Kuna binti aliambiwa laki tatu akafurahi, kufika siku yenyewe kope kando, nywele kando, nauli kando, matroni kando, ikafika laki tano na ishirini, baba anatafuta wa kumkopa huku wageni wanaingia. Bei si kosa, kosa ni kuijua asubuhi ile.

Kama mpambaji hakai mpaka usiku, matroni aachiwe kifuko: poda, rangi ile ile ya mdomo, gundi ndogo ya kope, tishu. Na afundishwe. Jasho halifutwi, linakandamizwa kwa tishu, unainua. Machozi yanapokelewa chini ya kope kwa ncha ya tishu kabla hayajashuka shavuni. Matroni anayemfuta bibi harusi kwa kitambaa kama mtu anayefuta meza, huyo kapoteza kazi yangu ya saa mbili kwa sekunde tatu.

La mwisho ni la mama zangu, na naomba mlipokee kwa upendo. Chumba cha kupambia kiwe na watu wachache. Nimefanya kazi kwenye vyumba vya watu 14, kila mmoja na maoni yake. "Mbona hajang'aa?" "Ongeza kidogo poda." "Midomo ikolezwe." Binti kwenye kiti hasemi kitu, lakini mimi mkono wangu uko kwenye shavu lake na nausikia mshipa unavyopiga. Nimewahi kusimamisha kazi nikamuuliza bibi harusi mbele ya wote: wewe unataka nini? Akalia kwanza, kisha akasema, "Nataka baba akiniona anijue." Nikafuta nusu ya nilichopaka. Mama yake alinuna mpaka saa tisa. Saa nne usiku alikuja kunishika mkono, hakusema kitu, akaniwekea sahani ya pilau.

Sasa maneno nimeyamaliza, kazi ndiyo inaanza. Nataka mmoja wenu aje akae hapa dirishani, siyo chini ya ile taa ya njano, hapa penye mwanga wa nje, nimchagulie rangi mbele yenu mwone taya linavyosomwa. Wewe, mwanangu wa gauni la kijani, njoo. Hapana, usifute uso, njoo na jasho lako hivyo hivyo. Na mama yule wa nyuma ambaye amenyoosha mkono tangu nilipotaja mkorogo, nakuja kwako, nipe dakika mbili nioshe mikono.